Kofia ya Aliyegusa Mwisho

Kofia ilikuwa ya bodaboda, imepasuka ubavuni, na kila mtu katika ofisi ile juu ya karakana za Katwe aliijua harufu yake. Programu za kompyuta walizotunga zikikwama, aliyezigusa mwisho aliivaa mpaka jioni. Ndiyo sheria ya Okwera, mkubwa wao, mstaafu wa jeshi waliyemwita Afande. Ukiivaa mara ya tatu, unafungasha.

Lanyero alikuwa amekwisha kuivaa mara mbili.

Walikuwa na programu mia mbili na kumi za zahanati: za dawa, maabara, mishahara, na nyingine ambazo hata waliozitunga walishazisahau. Kila moja ikiguswa, zote ziliundwa upya kwa mkupuo mmoja, kazi ya siku nzima. Moja ikikataa, zote zinalala, na hakuna ajuaye ni ipi. Basi watu wakaogopa kugusa. Ubovu waliuona, lakini funika kombe mwanaharamu apite.

Lanyero alichoka. Wiki tatu alichora mpango wake, akiwatazama mafundi wa chini: huyu anachomelea miguu ya kitanda, yule bawaba, na kila kipande kinapimwa kabla ya kuunganishwa. Alitaka kila programu iwe kipande chake, itaje inachohitaji na jina la mwenyewe, iundwe peke yake. Afande hata hakuutazama.

"Programu iko moja," alisema. "Kama jeshi. Futa hiyo kitu."

Hakufuta; usiku aliendelea kuujenga mpaka ukawa mfumo unaofanya kazi.

Alhamisi programu zikakwama tena. Lanyero ndiye aliyegusa mwisho: alisahihisha neno moja kwenye risiti ya dawa. Afande akaja na kofia mkononi.

"Afande, si mimi naharibu."

"Kofia haiulizi. Nani alishika mwisho? Wewe. Vaa, halafu chukua mfuko yako, enda."

Mbambu, Mkongomani wa meza ya pili, akamnong'oneza, "Dada, omba tu musamaha."

Aombe msamaha wa nini? Hasira ilimpanda Lanyero mpaka masikio yakawaka. Aliipokea kofia, akaivaa, akafunga na mkanda, kisha akaketi na kuuwasha mfumo wake mbele ya wote.

Vipande vikapita kimoja kimoja. Dawa, nzima. Maabara, nzima. Chai ya Mbambu haijapoa, vilishapita mia mbili na tisa. Kimoja kikasimama, kwa maandishi mekundu: *Mishahara. Inatafuta faili kwenye kompyuta ya Okwera. Faili haipo. Mwenyewe: Okwera.*

Ofisi nzima ilikumbuka. Jumanne Afande alijisifu kwamba ameisafisha kompyuta yake, imekuwa nyepesi.

"Hiyo mashini yako inadanganya," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Fungua yako tuone, Afande."

Hakufungua. Lanyero akavua kofia, akaenda nayo hadi mezani kwa Afande, akaiweka juu ya kibodi.

"Mimi niko mkubwa hapa!"

"Kofia haiulizi," alisema Lanyero, akarudi kuketi. Mfuko wake ulibaki pale pale, umening'inia kitini.