Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Dobi alirudi kutoka kuanika mashuka akakuta chupa zake sita hazipo chini ya karo. Sakafuni palikuwa na vipande vya uzi mwekundu, vimekatwa kwa mkasi.

Kosa la kwanza lilikuwa lake, tusimfichie. Klorini na asidi ya kutoa kutu alizinunua kwa madumu, na kwa kuwa kiuno chake hakikutaka tena kubeba madumu, alizimimina kwenye chupa za maji ya kunywa. Za klorini alizifunga uzi mwekundu wenye fundo moja, za asidi mafundo matatu. Siri ya alama hiyo ilikuwa yake na mumewe tu. Sasa wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amekuja kuwatembelea kwa wiki mbili. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu siku ya pili tu alishahamisha vyombo vyote vya jikoni. Juzi aliuliza kaka yake anaumwa nini, mbona amekonda hivyo. Dobi akacheka, akamwambia anakonda kwa kazi.

Sasa hakucheka. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa kwa ndani, na huko ndani kulisikika kitu kikimiminwa huku mtu akisali. Harufu kali ilipenya chini ya mlango ikamchoma macho.

"Wifi, usimimine tena. Fungua utoke."

"Nikufungulie ili uninyang'anye? Nyuzi zako nimeziona."

Dobi alimweleza haraka haraka kwamba hizo ni dawa za kufulia, mbili tofauti, na zikikutana zinatoa moshi unaoua. Wifi alikohoa, kisha akajibu kwamba moshi anauona, ndiyo uchawi wenyewe unatoka. Hapo dobi akaelewa kuwa kila neno la kweli atakalosema litazidi kumfungia mwenzake ndani.

Aliupiga mlango bega mara mbili. Mumewe ni seremala, na milango ya nyumbani kwake hakuifanyia mchezo. Kidirisha kilikuwa juu, upana wake hautoshi hata kichwa. Kikohozi cha ndani kilikuwa kimebadilika, kimekuwa kifupi na kikavu, na sala ilikuwa imekatika. Dobi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Sawa, wifi. Ni kweli. Nimemroga kaka yako."

Ndani chupa ikawekwa sakafuni.

"Na hizo chupa ni ndogo. Kubwa lao liko chini ya godoro, upande anaolala. Ukifia humo, nani atalitoa?"

Komeo likagonga. Dobi alibana pumzi, akamshika wifi mkono, akamvuta kupitia jikoni mpaka uani, akiacha kila mlango wazi nyuma yao. Hakurudi kufuata chupa hata moja. Alisimamisha bodaboda, akampakia mbele yake, akamshikilia njia nzima.

Kwenye zahanati, mwuguzi aliuliza alichovuta mgonjwa, na dobi akazitaja dawa zote mbili bila kujitetea. Mwuguzi alimwambia wifi wazi kwamba angekaa humo chooni dakika chache zaidi, wangekuwa wanaongea mengine. Mume alifika na vumbi la mbao kichwani. Wifi akaondoa kinyago cha hewa, akamnyooshea dobi kidole.

"Amekiri amekuroga," alisema kwa sauti iliyokwaruza. Akapumua. "Uchawi ambao hakuufanya. Eti kubwa lao liko chini ya godoro lako. Amejiita mchawi ili mimi nitoke."

Akalia, na dobi naye akalia, wakashikana mikono kama mtu na dada yake. Mume alimshukuru mkewe mbele ya mwuguzi, akatangulia nyumbani kufungua madirisha.

Dobi alifika baadaye. Hewa ilikuwa imeshapoa na madirisha yote yalikuwa wazi. Aliapa hatamimina tena dawa kwenye chupa ya maji; dawa itakaa kwenye dumu lake na karatasi yake, ndani ya kabati lenye kufuli. Kisha akaingia chumbani kubadili nguo.

Asubuhi alikuwa ametandika kitanda mwenyewe, akachomeka shuka pembe zote nne. Upande wa mumewe, shuka lilikuwa limechomolewa.

Aliinama, akalichomeka tena.