Hodi ya Candida

Nyumba yangu ya Mtaa wa Sikukuu haikuwahi kujua hodi ya kungoja. Mtu anapiga hodi keshavua viatu. Karibu yangu inamkuta jikoni, anafunua sufuria. Umbea wote wa Kariakoo ulipita kwenye mkeka wangu kabla haujawafikia wenyewe.

Mume wangu Abdulkadiri akafariki. Arobaini ilipokwisha, watu wakapungua. Kisha mwizi akaingia mchana, niko bafuni, akabeba televisheni. Nikampigia mwanangu Majid, yuko Texas.

"Mama, ile bastola ya baba ipo?"

"Ipo kabatini, chini ya kanzu zake."

"Kaa nayo karibu. Huku mtu akikuvunjia nyumba ukampiga risasi, sheria iko upande wako."

"Na Bongo je?"

"Mwizi ni mwizi, mama."

Basi nikawa nashinda nayo mapajani, nimeifunika kanga. Nikisikia nyayo ngazini, nazima mpaka feni nisikilize.

Jumanne, baada ya adhuhuri, mlango ukasukumwa kwa mguu. Kama hodi ilipigwa, sikuisikia. Redio ilikuwa juu. Nikainuka, bastola mikononi. Mbele yangu Candida, jirani wa chini, na bakuli la mihogo ya nazi. Bakuli likaanguka.

"Mama Majid! Ni mimi!"

Kidole changu kilishakaza, hakitoki. Akanisemesha taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. "Shusha, dada. Shusha tu."

Kesho yake nikaipeleka polisi, nimeitia kwenye kapu la sokoni. Afande Rogath akaisogeza mbali na mimi.

"Kibali kilikuwa cha marehemu, mama. Hii si kanzu, hairithiwi kienyeji. Ilitakiwa uilete alipofariki. Shukuru umekuja mwenyewe."

"Mwanangu alisema mtu akiingia kwako…"

"Mwanao anasema ya huko aliko. Hapa ungeulizwa: huyo mwenye mihogo alikutishia na nini?"

Nikaandika maelezo, nikarudi na kapu tupu.

Nilimtangazia muuza kahawa, maana ukimwambia yeye umeuambia mtaa: imeondoka, nimeikabidhi. Nikakanda maandazi ya watu ishirini, nikaacha mlango wazi, nikatandika mkeka. Alasiri nikasikia sauti kutoka chini kabisa ya ngazi.

"Hodi!"

"Karibu!"

Nyayo hazikupanda.

"Mama Majid, ni mimi Candida. Nipande?"

"Panda, mwaya! Tangu lini unaniuliza?"

Akapanda pole pole, akikohoa kila ngazi ili nimsikie. Akasimama kizingitini. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu.

Nikaiinua yote miwili. "Unga tu, Candida. Ona."

Akacheka kidogo. Nikamsogezea mkeka, nikamtilia chai. Akainywa pale pale mlangoni, kasimama, viatu miguuni.