Mashabiki wa Uwanja wa Chupa

Jumamosi, tarehe 12 Aprili 2025. Manyunyu tangu alfajiri, na kuta za chumba changu zinatoka jasho kama kawaida ya Guangzhou mwezi wa nne. Kanga niliyoianika Alhamisi bado mbichi.

Baada ya swala nilibaki kwenye msala nikaomba mambo mawili: nisiseme uongo leo, na nisimwaibishe Mwenyekiti. Nilipoitikia amina nikagundua kwamba nimeomba vitu viwili visivyokaa kapu moja.

Mwenyekiti ni Bwana Othman, mtu wa Kariakoo, mnunuzi wa viatu pale soko la Zhanxi kwa miaka ishirini na mbili. Chama anachokiongoza kinaitwa Chama cha Wapenzi wa Uwanja wa Chupa. Uwanja wenyewe ulikuwa wa besiboli, mali ya kiwanda cha chupa za chai, nyuma kidogo ya maduka ya viatu. Ulibomolewa mwaka 2019. Mpaka siku ulipobomolewa, katika wapenzi wote hao hapakuwa na hata mmoja aliyeupenda.

Nakumbuka vizuri. Bwana Othman alikuwa akiuita shamba la mbu. Dullah, msafirishaji wetu wa mizigo, aliteguka mguu mara mbili kwenye kile kichuguu cha katikati anaposimama mrushaji, na mara zote mbili aliapa kuwa hakanyagi tena. Tulikwenda pale Jumapili kucheza mpira wa miguu kwa sababu mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyedai kiingilio. Lakini tangu ulipobomolewa, kumbukumbu zake zinanenepa kama mtoto anayelishwa vizuri. Kikao cha kwanza cha Chama, nyasi zilikuwa za kijani. Kikao cha pili zikawa laini. Kikao cha mwezi uliopita mbu walikuwa wameshageuka vipepeo, na Dullah alifuta machozi akikitaja kile kichuguu.

Mahali pake sasa pana jumba la maduka la ghorofa saba. Ukutani wamebandika matofali mapya yaliyochakazwa kwa mashine ili yaonekane ya zamani. Matofali ya zamani yenyewe niliyaona kwa macho yangu yakipakiwa kwenye lori la kifusi. Kuna mkahawa unaokuletea chai ndani ya chupa ya kiwanda, na chupa unairudisha. Kichochoro alichokaa fundi wangu wa zipu siku hizi kinauza mishumaa ya manukato. Mmoja umeandikwa "Nyasi za Uwanja". Niliunusa. Unanukia sabuni.

Nacheka, lakini hasara ilikuwa ya kweli. Pale ndipo tulipokutana. Siku ya Idi, tukitoka msikitini, sinia za pilau zilishuka kwenye zile ngazi za watazamaji. Taarifa ya msiba ikija kutoka nyumbani, mfiwa tulimkalisha pale akalia mpaka akatosheka, hakuna wa kumwambia apunguze sauti. Idi hii ya juzi tulipeana mikono kwenye mapokezi ya hoteli, na mlinzi akatuomba tusogee, tunaziba lifti. Mwenzetu Hasna alipofiwa na mama yake, tulikuwa watu kumi na tisa ndani ya chumba cha vitanda viwili, na ilibidi alie taratibu kwa ajili ya jirani.

Kwa hiyo Bi Liang, meneja wa jumba, aliposema atatupa chumba ghorofa ya tatu kila Jumapili, bure, tulimwona kama rehema iliyovaa suti. Sharti lilikuwa moja. Siku ya kuzindua Ukuta wa Kumbukumbu wa jumba lao, yaani leo, Bwana Othman ahutubie kama mtu aliyeishabikia besiboli pale miaka kumi na sita. Na mimi nitafsiri, maana nilianza madarasa ya jioni ya Kichina nikiwa na miaka arobaini na tisa, na katika Chama ni mimi peke yangu ninayejua zaidi ya bei.

Hotuba niliiona leo asubuhi. Kurasa tatu.

"Bwana Othman," nikamwambia, "hapa umeandika kwamba besiboli iliingia katika damu yako."

"Iliingia, dada yangu."

"Mchezo huo una wachezaji wangapi?"

Akamtazama Dullah. Dullah akatazama dari. "Kumi na moja," akasema Mwenyekiti, "pamoja na kipa."

"Da Mwatima, usijitese," Dullah akadakia. "Dhambi ni ya msemaji. Wewe ni bomba tu. Kinachoingia ndicho kinachotoka."

"Na bomba la maji machafu, wewe utalinywea?"

Nikakunja zile kurasa, nikatia mkobani.

Ukweli wenyewe ni huu. Jumapili wachezaji wa kiwanda ndio waliotangulia kuutumia uwanja, nasi tulikaa kwenye ngazi kusubiri wamalize. Sheria za mchezo hatukuzijua ila moja: watu wakitolewa wa kutosha, wanaondoka. Basi kila aliyetolewa tulimshangilia. Awe wa upande huu au wa ule, tulisimama, tulipiga makofi, Bimkubwa wa vitumbua alipiga vigelegele. Mtu akiupiga mpira ukaenda mbali, tulishika vichwa kama waliofilisika, kwa sababu hapo mchezo ulikuwa umerefuka. Huo ndio ushabiki wetu wa miaka kumi na sita.

Saa nne tulikuwa mbele ya Ukuta. Watu kama arobaini na simu zao zimeinuliwa. Mstari wa mbele alikaa mzee mwembamba, kofia ya kiwanda kichwani, glavu ya ngozi magotini. Lao Huang! Alikuwa mrushaji wa kiwanda na ndiye aliyeshika funguo za uwanja. Hatukuwa tumemwona tangu uwanja ulipobomolewa. Alikuwa anatutazama kama mtu aliyekutana na ndugu zake uwanja wa ndege.

Bwana Othman akaanza vizuri. Alishukuru, nikashukuru. Alisema kila jiji lina moyo wake, nikasema. Kisha akashika kifua. "Kwa miaka kumi na sita sikukosa mchezo hata mmoja." Hilo lilikuwa kweli, nikalitafsiri haraka kabla halijaharibika.

Lao Huang akasimama. Bi Liang akamwashiria akae, naye hakumwona.

"Nina swali," akasema. "Mwaka 2011, mchezo wa mwisho wa msimu, niliwatoa watatu mfululizo. Nyinyi mlisimama wote. Yule mama alipiga ile sauti yake. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile: mliona nini katika urushaji wangu?"

Nikamtafsiria Mwenyekiti. Jasho likamtoka kushinda kuta za chumba changu.

"Mwambie," akaninong'oneza, "mwambie tuliona ufundi. Mwambie mpira ulikuwa unaimba."

"Uliusikia ukiimba?"

"Da Mwatima! Chumba!"

Nilikiona chumba. Nilimwona Hasna akilia bila kujizuia ndani yake. Kisha nikamwona mzee yule aliyelibeba swali lake miaka kumi na minne, nami nakaribia kumjaza upepo. Nikasema bismillahi kimoyomoyo, nikazungumza Kichina changu cha jioni, polepole, mikono imeshikana.

"Mzee Huang, hatukuona kitu. Mchezo wenu hatukuujua na mpaka leo hatuujui. Tulikuwa tunashangilia ili mmalize upesi tupate uwanja. Utuwie radhi."

Simu arobaini zikabaki hewani. Bi Liang akatabasamu vile wanavyotabasamu watu ambao meno yao yanaumana. Bwana Othman hakuelewa nilichosema, lakini alielewa urefu wake. "Mbona neno 'ufundi' limekuwa refu hivyo?" akauliza.

Lao Huang alianza kutikisika mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Najua," akasema. "Mwaka wa kwanza sikujua. Mwaka wa pili nikatolewa mimi, nanyi mkashangilia vilevile. Nikasema, hawa ni mashabiki wa aina gani?" Akafuta macho kwa glavu. "Lakini kiwanda kilikuwa na wafanyakazi elfu mbili, na hakuna aliyekuja kututazama. Mke wangu mwenyewe hakuja. Nilikuwa narusha kwa nguvu zaidi ili nizisikie zile kelele zenu, nanyi mkapata uwanja mapema. Nilitaka tu kuona kama leo kuna mtu atakayeniambia."

Nikawatafsiria wenzangu. Dullah akainamisha kichwa, na safari hii machozi yake hayakuwa ya kichuguu.

Bi Liang akatukaribia na jalada lake. Kuhusu kile chumba, akasema, itabidi walifanyie suala hili *yanjiu*. Maana yake ni kuchunguza, lakini mtu yeyote aliyenunua bidhaa mji huu anajua kwamba anayekuahidi *yanjiu* amekwisha kukwambia hapana. Akaenda zake kupanga watu wapige picha na matofali.

"Umetumaliza, dada yangu," Bwana Othman akasema taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Sasa tukafiwe wapi?"

Lao Huang akauliza anasema nini. Nikamweleza yote: chumba, mapokezi ya hoteli, lifti, Hasna. Akasikiliza huku akikunjakunja glavu.

"Huadu," akasema. "Mkishaipita Shiling, kule mnakonunua mikoba. Kuna uwanja wa shule iliyohama. Sisi wastaafu tunacheza pale kila Jumapili, shule ilituachia tuutunze. Pembeni kuna banda la vifaa, kubwa, lina paa na lina umeme. Funguo ninazo mimi. Kaeni humo, pikeni, lieni."

"Kodi?" akauliza Bwana Othman. Hilo alilisema kwa Kichina.

"Mtazame kwanza mchezo. Mpaka mwisho. Mizunguko tisa."

"Unachukua muda gani?" akauliza Dullah kupitia kwangu.

"Hauna saa. Unaisha ukiisha. Mwaka jana mmoja ulichukua saa tano nzima."

Nikawatafsiria. Bwana Othman alitazama ghorofa ya tatu, akatazama ile glavu kuukuu, akanitazama mimi.

"Aseme kwa sauti kama mtakuja," Lao Huang akaniambia, akiwaonyesha watu waliokuwa bado wameshika simu. "Safari hii nataka mashahidi."

Bwana Othman akavua kofia yake. Kurasa tatu zilibaki mkobani mwangu. Aliinua mkono wa kulia, akapaza sauti hadi mlinzi wa mlangoni akageuka:

"Mimi Othman nasema mbele ya watu wote hawa: Jumapili ijayo tutakuja Huadu, watu kumi na tisa na sinia la pilau. Tutakaa mizunguko yote tisa, mpaka atolewe mtu wa mwisho. Tutauliza sheria, na tutamshangilia mtu akiupiga mbali. Na wallahi, hakuna atakayewauliza mnamaliza saa ngapi!"

Nikatafsiri neno kwa neno.