Saa Tano Zilizobaki

Mimi ukinilazimisha jambo umenitafuta ubaya. Chuo kiliposema hakuna cheti bila saa arobaini za kujitolea kijijini, nilimuuliza mratibu mbele ya darasa zima: "Kujitolea gani huko kwa lazima, mwalimu?" Watu wakaangua kicheko. Haya, mwezi haukuisha nikajikuta Mgeta, mimi Devotha, nimeshika jembe. Mwenzangu Innocent alikuwa anachimba mashimo huku anaimba. Yule aliipenda ile kazi kweli.

Mzee Severini ndiye aliyetupa mteremko tupande miti, udongo usiporomoke. Asubuhi ya siku ya mwisho mkewe, mama Eufrazia, alituletea uji, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, shamba hili ni la ukoo wetu, mume wangu analima tu. Kabichi sawa, apande. Lakini mti! Kwetu ukipanda mti umeshasema ardhi ni yako. Kaka yangu Bonifasi ameulizwa?"

Nilisikia vizuri sana. Zilikuwa zimebaki saa tano nitimize arobaini.

"Ameulizwa, mama," nikamjibu, Innocent akinisikia, nikaendelea kuchimba.

Hatujamaliza hata mstari wa kwanza, Bonifasi huyo, anashuka na panga. Hakusalimia mtu. Alianza kufyeka miche yetu, anafoka: "Severini! Tumekupa mke, sasa unataka na ardhi?"

Severini akamvamia na jembe, likampasua bega. Bonifasi akageuka, akamtandika ubapa wa panga mdomoni, mzee wa watu akaanguka kwenye kabichi anatema meno na damu. Mama Eufrazia anapiga yowe. Mimi nimejibanza nyuma ya jiwe, ujeuri wangu wote umeniisha.

Innocent, jamani! Yeye akasogea, akanyoosha mkono kuukinga mche mmoja uliobaki.

"Mjomba, subiri, si uliulizwa..."

Panga likashuka. Mkono ukabaki unaning'inia kwa ngozi tu, chini ya kiwiko. Bonifasi aliutazama, akaliachia panga, akakaa chini matopeni. "Si yeye," akawa anasema. "Sikumtaka yeye."

Nilivua kitenge, nikamfunga Innocent mkono kwa nguvu zangu zote, nikambeba mgongoni. Njia inateleza, damu yake inanitiririka hadi miguuni. Nilianguka mara mbili, nikainuka naye. Barabarani tukapata lori la karoti linaloshuka Morogoro mjini. Humo juu ya magunia alifumbua macho, akaniuliza jambo moja tu.

"Devo, si ulisema ameulizwa?"

Nilijifanya nakaza kitenge.

Hospitali waliukata mkono. Kesho yake mratibu alikuja, akanikuta nje ya wodi, akanipa pole, akatoa fomu yangu na kalamu.

"Toka mlimani hadi hapa ni saa tano. Nakuhesabia, arobaini zimetimia. Huko ndiko kujitolea kwenyewe, binti yangu."

Cheti kilikuwa pale, kwenye ncha ya kalamu. Nilikitaka, sidanganyi. Nikamweleza nilichomjibu mama Eufrazia, neno kwa neno. Mratibu akashusha kalamu.

"Sasa niandike ngapi?"

"Thelathini na tano."

Nikanyanyuka, nikaingia wodini. Innocent alikuwa macho, ananitazama, anasubiri jibu lake.