Kuitwa Dada

Siku Mama Sabuni aliponiita "dada", machale yalinicheza. Tena mbele ya kikao kizima! "Dada, hebu nioneshe hiyo picha ya kwanza." Dada nani? Tangu nianze kumhudumia, mwenye kiwanda yule ameniita mwanangu. Akifurahi, mwanangu. Akichukia, mwanangu. Hata akilikataa tangazo huanza na "mwanangu, takataka hii kaichora nani?"

Mtu wa nje ataona ni neno tu. Hajui kazi yangu. Kampuni yetu ya matangazo ni vyumba viwili juu ya duka la vigae, na mimi ndiye afisa mahusiano. Mahusiano na wateja, jamani, msianze. Kazi yangu ni kujua kwamba mteja ana mgonjwa nyumbani, kwamba rangi ya njano haitaki hata kuiona, kwamba chai anakunywa bila sukari. Na Mama Sabuni ndiye mteja anayetuweka mjini. Bosi alishaniambia bila kupepesa macho: "Sabuni ikiondoka, na meza yako inaondoka."

Kwa hiyo macho yangu yakaenda moja kwa moja kwa Marashi. Jina hilo tulimpachika sisi, maana harufu yake hufika kazini kabla yake. Ameajiriwa juzi tu, eti kunisaidia. Kunisaidia! Neno "dada" lilipotamkwa, yeye aliinamisha kichwa, akawa anachezea kifuniko cha kalamu. Mtu asiye na lake jambo anainama kwa nini?

Nikajikausha, nikaanza kumchunguza. Simu ikilia, anatoka kwenda kuongelea kwenye ngazi. Nikiingia, anafunga kompyuta. Mchana anaaga kwamba anakwenda kwa mpiga chapa, na nilipomuuliza mpiga chapa, akacheka: "Yule wa manukato? Hata sura yake nimeisahau." Lo! Mchoraji wetu, mwanamke anayependa amani kuliko mshahara, akanivuta pembeni. "Shoga, punguza. Labda ana mchumba."

"Mchumba gani anapelekewa mabango ya sabuni?" nikamjibu. Bahasha ya mabango nilikuwa nimeiona kwapani mwake, tena mabango ya kazi yangu.

Mchana mmoja uvumilivu ukaniishia, nikamfuata mpaka kiwandani. Nilimkuta anatoka ofisini kwa Mama Sabuni, bahasha mkononi. Nikamvaa pale pale kwenye korido, katikati ya makatoni.

"Unanichimba! Nimekufundisha kazi, halafu unanichimba!"

Wafungashaji wote wakaacha kazi kutusikiliza. Marashi alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko tusi.

"Mwache huyo," ikasema sauti mlangoni. Alikuwa Mama Sabuni. "Ingia, dada."

Alifunga mlango mwenyewe, akavua miwani, akaiweka juu ya meza.

"Mwenzako amekuja kuniomba nisiwaache. Si mara ya kwanza. Ananitandazia matangazo uliyonifanyia, ananiuliza nitapata wapi mtu mwingine kama wewe. Anasema nikiondoka, utafukuzwa."

Nikakaa bila kukaribishwa. "Unatuacha, mama?"

"Kiwanda nimemwachia mwanangu, yule wa kumzaa. Ana watu wake wa matangazo, anawataka hao. Alipiga simu ofisini kwenu kusema hivyo, akapokea huyu kijana wako, akamsihi asubiri kidogo. Na mimi akanisihi nisikwambie kwanza. Lakini mwanangu hakubadili nia. Leo ametia saini na wale wengine."

Meza yangu ndiyo hiyo inaondoka. Ningeuliza habari za mkataba, ningeomba muda, ningemsifia mwanawe. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Sasa nimekukosea nini mpaka unaniita dada?"

Akaichukua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo.

"Hujanikosea. Nikikuita mwanangu, nitakuwa nachagua kati ya watoto wangu wawili, na hilo nisingeliweza. Nikasema nianze kukuzoea kama dada. Dada mtu unaweza kumwambia hapana."

Kwa mazoea yangu, nikatafuta hila ndani ya maneno yale. Niliyageuza huku na huku, sikuiona. Iliniuma sana. Afadhali ningeiona.

Nikachukua mkoba, nikaaga. Kupitia kioo cha mlango nilimwona Marashi bado yupo koridoni, amekaa juu ya katoni, ananingoja. Sikujua nitaanzia wapi kumwomba radhi. Nilikuwa nimeshashika kitasa nilipoitwa.

"Mwanangu."

Nikageuka upesi.

"Umekula?"

Nikatikisa kichwa, na machozi yakanitoka mbele yake. Hapo ndipo nilipoamini kwamba mkataba umekwisha.