Mkaa Ulioshiba

"Meza, mwanangu. Usiuteme hata ukikukwaruza."

Leah aliubugia unga mweusi wa mkaa aliopewa na Fides, mdogo wa mama yake, akausukumia maji. Nje ya kibanda cha chumvi shemeji yake, Mbonile, alikuwa akiita: mwavi, sumu ya kumpima mchawi, tayari. Atakayetapika amepona; atakayekufa alikuwa mchawi. Mumewe Leah aliuawa na homa, na pale Ivuna homa ikiua mwanamume, lazima atafutwe mwanamke. Bwana Shauri, mkubwa wa serikali, alikuwa ameupiga mwavi marufuku. Alikuja, akatangaza, akala kuku wa jumbe, akaondoka.

"Mama mdogo, na mkaa usiposhika sumu?"

Fides alikitazama chungu chenye matundu, alimochujia maji ya chumvi kwa mkaa uliopondwa. Maji huingia na rangi ya tope, hutoka meupe. Rangi haipotei; inanata mkaani, kwenye vitundu visivyoonekana kwa jicho. Vikijaa, mkaa umeshiba, haushiki tena kitu mpaka uchomwe upya.

Dada yake Ruti, mama yake Leah, naye aliitwa kunywa mwavi. Siku ile Fides alichota mkaa chunguni humo, kwa haraka, akamlisha. Ulikuwa umeshiba. Ruti alikufa akimtazama yeye, hakuwatazama waliomnywesha. Mabaki ya mkaa ule Fides hakuthubutu kuyatumia wala kuyatupa. Yalikaa kwenye kibuyu juu ya dari. Na tangu hapo, kila tone likianguka chunguni, humsikia dada yake akimeza.

Mkaa wa leo ulikuwa mpya. Aliuchoma mara mbili, akaunyunyizia maji ungali mwekundu.

Leah alikunywa mwavi mbele ya watu wote. Jua likapanda. Akatetemeka, akajikunja, kisha akatapika matapishi meusi tii.

"Ametapika," jumbe alisema. "Hana kosa."

"Kwa weusi ule?" Mbonile aliuliza. "Ule ni uchawi wenyewe unatoka."

"Basi umeshatoka," Fides alisema. "Njoo uonje, baba, tuone kama utakuroga."

Mtu mmoja alicheka. Mbonile akarudi nyuma.

Jioni, Leah akiwa amelala kibandani, anapumua kwa shida lakini anapumua, Fides alikishusha kibuyu. Akaumimina mkaa wa Ruti kwenye kigae, akaupeleka motoni.

"Mama mdogo, unachoma nini?"

"Lala."

Ulipokuwa mwekundu, akaunyunyizia maji. Mkaa ukalia. Fides akangoja unyamaze, nao ukaendelea kulia.