Uzito wa Sindano

Sikumpa Godefroid nafasi ya kukaa. Nilimwekea sahani ya mbwa chini ya pua, nikamuuliza mbegu hizi za pilipili zimetoka wapi, kwa sababu mimi sipiki uji wa pilipili. Akasema ameziweka yeye, jana jioni. Alisema bila kushusha macho, kama mtu anayekubali kwamba ameongeza chumvi kwenye mboga.

Nikamwambia basi ndiye anayemuua mbwa. Akanijibu kwamba mbwa amekuwa akifa siku nyingi mikononi mwangu, mbele ya macho ya watu, na pilipili ya jana ilikuwa jaribio la mwisho la kumwamsha. Nikamwambia arudie alichosema. Akarudia.

Mbwa mwenyewe alikuwa ndani ya katoni karibu na mlango wa jikoni, kidevu juu ya tambara. Tangu alfajiri hakuwa amesimama. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu kutoka langoni, na mgongo ulikuwa umetokeza kama kamba chini ya ngozi. Binti yangu Plamedie, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amekaa sakafuni akimfukuzia nzi. Hakuwa analia. Alikuwa anaisikiliza barabara.

Sote tulikuwa tunaisikiliza barabara. Saa nne, Djo, jirani yetu mwenye pikipiki, angekuja kumchukua Godefroid na mbwa kuwapeleka Kipushi.

Mwezi wa kwanza wezi waliingia kwetu, wakabeba televisheni, jiko na hata sufuria iliyokuwa na maharagwe ndani. Mume wangu Paulin anafanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani Sakania na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Akasema lazima tupate mbwa. Kaka yake mkubwa, huyu Godefroid anayekaa nasi, akaenda Kipushi kwa mzee Kunda, ambaye jike lake lilikuwa limezaa sita. Kunda akampa mmoja bure. Tulipomtoa kwenye kitunga tukajua kwa nini alikuwa bure. Godefroid alimtazama akasema huyu si mbwa, ni sindano, na jina likabaki.

Jumapili iliyopita Paulin alikata shauri kwa simu. Kama hadi Jumamosi mbwa hajaongezeka uzito, arudi kwa Kunda, na Godefroid alete ndugu wa mbwa huyo, yule anayebweka tayari. Kunda alikubali, ila alisema wazi kwamba kinachorudi kwake hakitapewa chakula tena, ana midomo ya kutosha. Simu ilikuwa kwenye sauti ya juu. Plamedie alisikia kila neno.

Na leo ilikuwa Jumamosi.

Mimi napima watoto. Ndiyo kazi yangu katika kituo cha afya, mwaka wa kumi na sita huu, na diploma yangu ya lishe imetundikwa sebuleni. Mama anaingia na maneno mengi: mtoto anakula vizuri, mtoto anacheza, mtoto amechukua wembamba wa baba yake. Mimi namwambia amweke kwenye mizani. Mizani haina ukoo wa kutetea.

Kwa hiyo nilimletea Sindano mizani ya zamani ya kituo, ile ya kuning'inia, yenye kaptura ya kitambaa ambayo mtoto huingizwa miguu. Niliifunga kwenye boriti ya baraza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimvalisha kaptura, nikasoma kipimo, nikaandika kwenye daftari. Na nilimlisha kile ninachojua kinamwinua mtoto aliyekonda: maziwa ya unga, sukari, mafuta kidogo, unga kidogo, vuguvugu, mara sita kwa siku. Chakula chake nilikifungia kabatini na ufunguo nikauvaa shingoni, maana katika nyumba hii kila mtu anajifanya daktari. Nikiwa kazini, Plamedie alipokea vikombe nilivyokwisha kupima.

Uzito ulipopungua, niliongeza maziwa. Alipoanza kuhara, nilisema ni maji ya kisima, nikaanza kuchemsha maji. Alipozidi kuhara, nikaongeza maziwa tena ili kufidia. Ndivyo tunavyofanya.

Nakiri kwamba asubuhi hii, nilipoona mbegu za pilipili kwenye sahani, nilifurahi. Nilikuwa nimepata jibu.

Godefroid alikuwa sentineli, mlinzi, miaka kumi na tisa kwenye lango la nyumba moja kubwa ya mtaa wa Golf, na hapo ndipo alipochukua elimu yake yote ya mbwa. Akanieleza upya kwamba masentineli wote wa mtaa ule walikuwa wanafanya hivyo: mbwa wa lango anapewa pilipili kidogo ili damu yake ichemke, awe mkali. Nikamuuliza kama ukali wa mbwa unatoka tumboni. Nikamuuliza pia, kama mbwa wake walikuwa wakali hivyo, mbona bosi wake aliibiwa gari ndani ya ua. Hilo lilimuuma. Alikuwa zamu usiku ule.

"Weye unafungulia imbwa maternite ya batoto," akasema. "Unaivalisha kaptura. Unaipima kama inaenda kubatizwa. Bantu banapita hapa kwa mulango ya lupango banacheka."

"Bacheke. Tangu lini unamutilia pilipili?"

"Jana. Mara moja tu."

"Unabeya."

Akasema nimwite muongo nikipenda, lakini hakuwahi kugusa sahani ile kabla ya jana. Angeigusaje wakati ufunguo uko shingoni mwangu kama rozari? Pilipili aliinyunyizia nilipotoka kuanua nguo. Alifikiri mbwa akipata moto kidogo, leo atasimama hata akitikisika, na pengine Kipushi itaahirishwa.

Sikumwamini. Nilitaka aaibike mbele ya ushahidi, kama ninavyowaaibisha akina mama wanaoapa kwamba mtoto ameongezeka. Nikamwambia Plamedie alete daftari, asome kwa sauti tangu siku ya kwanza, tuone mbwa alianza kushuka lini, na papa mukubwa wake atueleze alifanya nini siku hiyo.

Plamedie akafungua ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari.

Jumamosi, siku aliyofika: kilo mbili na gramu mia sita. Jumapili: mbili na mia saba. Jumatatu: mbili na mia nane.

Akanitazama.

"Endelea," nikasema.

Jumanne: mbili na mia saba. Jumatano: mbili na mia sita. Ijumaa: mbili na mia nne. Sauti yake ilikuwa inapungua pamoja na namba, na alianza kuruka siku. Jumatatu iliyofuata: mbili na mia mbili. Alhamisi: mbili kamili. Leo asubuhi, kilo moja na gramu mia tisa.

Godefroid alikuwa ameinamisha kichwa, anahesabu siku kwa vidole. Mimi sikuhitaji vidole. Ninasoma mistari ya namna hiyo kila siku ya kazi, na ninajua swali la kwanza ninalomuuliza mama: mstari ulipogeuka, nini kilibadilika nyumbani?

"Pale pembeni uliandika kitu, mama," Plamedie akasema. "Jumatatu. Nisome?"

Akasoma.

"Maziwa yameanza jioni."

Kisha akasoma maandishi mengine ya pembeni, polepole, mwandiko wangu mwenyewe ambao nauona hata nikifumba macho. Alhamisi, nimeongeza maziwa. Jumapili, nimeongeza maziwa na mafuta. Jumatano, nimeongeza. Chini ya kila neno hilo, namba ilikuwa imeshuka.

Siku tatu za kwanza sikumlisha mimi. Tulikuwa kwenye kampeni ya chanjo, natoka giza na kurudi giza. Nilikuwa na muda wa kumpima tu. Aliyemlisha ni Godefroid: wali uliopikwa ukalainika, na kichwa cha samaki kilichochemshwa bila chumvi, kikatolewa miiba kwa mkono. Kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni. Jumatatu jioni nilirudi mapema nikakuta wali ule, nikasema hicho ni chakula cha mabaki, si chakula cha kumnenepesha kiumbe. Nikaumwaga.

Nilimtazama Godefroid. Nilitegemea acheke. Ningekuwa mimi, ningecheka.

"Nilikuambiaka," akasema taratibu. "Ile siku unamwanga wali. Kule Golf, madamu alikuwa anakataza. Maziwa ya ng'ombe inapasula tumbo ya mutoto ya imbwa. Nilikuambiaka, Mama Plamedie."

Ni kweli aliniambia. Na mimi nilimuuliza diploma yake iko wapi.

Honi ikalia nje, mara mbili. Djo ni mtu wa saa.

Godefroid akachukua kitunga kilichokuwa nyuma ya mlango, kile kile alichomletea, akakikung'uta. Hakuwa anafanya haraka. Akasema Paulin ameamua, na yeye hawezi kupinga maneno ya mwenye nyumba kwa sababu anakaa kwake. Akainama kwenye katoni. Plamedie hakumzuia. Aliweka tu kiganja chake juu ya ukingo wa katoni, akageukia kwangu badala ya kumgeukia yeye.

"Papa alisema, kama haiongezeke," akasema. "Lakini ilikuwa inaongezeka, mama. Ilikuwa inaongezeka na papa mukubwa."

Juu ya meza kulikuwa na kikombe cha maziwa ya saa nne, kimefunikwa, kinafuka mvuke. Kando yake nilikuwa nimeweka pakiti ya dawa ya kuhara tunayowapa watoto, ile ya kukoroga kwenye maji. Mkono wangu ulikwenda kwenye pakiti wenyewe. Nilikuwa nimeshaichana kona nilipousimamisha. Nilikuwa nakaribia kufanya jambo lile lile, kwa kifuko kingine.

Nikaiweka chini. Nikachukua kikombe cha maziwa, nikaenda nacho hadi kwenye mfereji wa maji machafu, nikayamwaga yote. Nikarudi, nikatoa ufunguo shingoni, nikamwekea Godefroid mkononi.

"Yaya Godefroid, weye njo utamulisha kuanzia leo. Kwa kabati muko muchele na samaki. Pika vile ulikuwa unapika. Bila chumvi."

Akautazama ufunguo.

"Na pilipili?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Sema."

"Bila pilipili," akasema. Kisha: "Na Paulin nitamwambia nini? Kunda anangojea. Atampa muntu mwingine ile imbwa ingine."

"Ampe. Paulin mwambie kweli. Mwambie ni miye nilikuwa nakosa."

Akaugeuza ufunguo kiganjani, kama anayehakikisha kwamba amesikia vizuri.

Nilivua kitenge cha juu, nikamtoa Sindano kwenye katoni pamoja na tambara lake. Alikuwa mwepesi kuliko namba ilivyosema. Nikamfunga kifuani, kichwa kikiwa nje, nikakaza fundo. Chini ya kitambaa nilisikia pumzi yake, fupi fupi, na baina ya moja na nyingine nafasi ambayo sikuipenda.

Djo alikuwa ameketi juu ya pikipiki langoni, injini inawaka. Aliponiona natoka mimi badala ya shemeji, akatazama kifua changu, akatazama nyuma yangu, akauliza kama Kipushi ninakwenda mimi.

Nikamwambia leo hakuna Kipushi. Anipeleke mjini kwa Daktari Laurentine, yule wa wanyama, na asipite njia ya mashimo.

Nilikuwa nimekwisha kupanda Plamedie alipotoka mbio. Alikuwa na daftari. Kila mama anayekuja kwangu bila karatasi ya mtoto namrudisha nyumbani akailete. Binti yangu ameyasikia hayo tangu hajajua kusoma. Nikalichukua. Kila kitu kilikuwa humo, kwa mwandiko wangu, na daktari angesoma kila mstari mbele yangu.

Nikalibana kwapani, nikaweka mkono mmoja juu ya mgongo wa Sindano, nikampiga Djo begani. Tukaondoka.